Kurudi Azeroth: Je, Kilichokwisha Hurejeshwa?

Mwishoni mwa Agosti 2019 kampuni ya Blizzard ya Marekani ilifungua tena mchezo wake wa kompyuta wa mwaka 2004, World of Warcraft, ukiwa kama ulivyokuwa zama zake: milima ileile, silaha zilezile, majoka yaleyale, na ile adha ya kutembea kwa miguu mwendo mrefu kabla hujafika unakokwenda. Waliokuja walizidi uwezo wa seva. Siku ya kwanza watu walikaa foleni kwa saa kadhaa mbele ya skrini wakisubiri kuingia katika nchi ambayo njia zake zote walikwisha kuzijua. Wengi walikuwa watu wazima wenye kazi na watoto, na walichokitaka walikisema bila kificho: walitaka kurudi. Jambo hili ni rahisi kulicheka, lakini ndani yake limo swali ambalo wanafalsafa na wanatheolojia waligombana juu yake karne nyingi kabla kompyuta haijawazwa. Kitu kikishatoweka, je, chaweza kurejeshwa chenyewe, au kinachokuja baadaye ni mfano wake tu? Kwa kawaida swali hilo huulizwa kuhusu wafu, na huko jibu ni suala la imani. Mchezo wa Blizzard, pamoja na udogo wake, ni mahali ambapo jaribio limefanyika hadharani na matokeo yake yanaweza kukaguliwa. Naamini yanatuonyesha, kwa uwazi usio wa kawaida, ni sehemu gani ya mambo ya kale isiyorudi kamwe, na ni ipi inayoweza kutendwa upya.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana udhuru wa kutoujua mchezo huu. Mwaka 2004 intaneti yetu ilipita kwa setilaiti, ghali na ya kusuasua. Nyaya kubwa za chini ya bahari zilifika pwani hii mwaka 2009. Tena ada ya karibu dola 15 kwa mwezi, inayolipwa kwa kadi ya benki, ilitosha kumfungia nje karibu kila kijana. Basi tueleze. Ni ulimwengu wa kubuni uitwao Azeroth, ambamo maelfu ya watu huishi pamoja kwenye seva moja, kila mmoja na mhusika wake: mpiganaji, mwindaji, mchawi, kuhani. Kila mmoja ana upungufu wake. Mpiganaji hupokea mapigo lakini hajitibu. Kuhani hutibu lakini akiguswa mara mbili anaanguka. Pango dogo huhitaji watu 5, na ngome kubwa za mwisho huhitaji 40 wanaosikilizana. Halafu, nalo ndilo muhimu kuliko yote, mwanzoni watu hawakujua kitu. Katika mbuga kame ya Barrens alikuwepo askari mmoja aitwaye Mankrik, aliyepotezana na mkewe vitani, naye humwomba mpita njia amtafute. Ramani haikuwa na alama wala mshale. Maelezo yalikuwa machache, na maiti ya mwanamke huyo ililala kusini mwa mbuga, mahali pa kupapita bila kupaona. Basi usiku na mchana, kwenye maongezi ya pamoja ya eneo lile, swali lilikuwa moja: mke wa Mankrik yuko wapi? Kuna waliojibu kwa wema, kuna waliodanganya kwa makusudi, na kuna waliochoka kuulizwa wakaporomosha matusi. Swali hilo limekuwa utani unaojulikana hata na watu wasiowahi kuikanyaga mbuga yenyewe.

Kisha nchi hiyo ikaondolewa. Mwaka 2007 lilifunguliwa bara jipya ambalo watu waliruka juu yake kwa wanyama wenye mabawa, wakaacha kukutana njiani. Desemba 2009 ukaja mtambo wa kupanga vikundi: unabonyeza kitufe, unasubiri, unarushwa pangoni na watu wanne wa seva nyingine ambao hutawaona tena, na hata salamu si lazima. Mwaka uliofuata, toleo liitwalo Cataclysm liliivunja ramani ya kale na kuijenga upya. Mbuga ya Barrens ikapasuliwa vipande viwili. Tangu hapo ulimwengu wa 2004 haukuwepo tena popote kihalali. Ulibaki kwenye seva zilizoendeshwa na mashabiki bila ruhusa. Mashuhuri kati yake, Nostalrius, iliyoendeshwa na kikundi cha Wafaransa, ilizimwa Aprili 2016 baada ya vitisho vya mawakili wa Blizzard, wakati waendeshaji wake wakisema ina wachezaji hai wapatao 150,000. Waraka wa kuiomba kampuni ibadili msimamo ulitiwa saini na zaidi ya watu 200,000. Miaka mitatu kabla ya hapo, kwenye mkutano wa mashabiki wa 2013, J. Allen Brack, mmoja wa wakuu wa mchezo huo, aliulizwa kama seva za zamani zitafunguliwa. Alijibu kwamba wanaodhani wanazitaka kwa kweli hawazitaki. Novemba 2017 akapanda jukwaani yeye huyohuyo kutangaza kwamba zinakuja. Watu walishangilia kama waliomshinda mtu kesi. Mimi naona Brack alikuwa amegusa jambo la kweli, ila alilisema kwa dharau na bila kulifikisha mwisho.

Aliyelifikisha mwisho ni Ibn Sina, aliyefariki Hamadan mwaka 1037. Kuna wanatheolojia waliosema kwamba kitu kilichotoweka kabisa chaweza kurejeshwa kilekile. Yeye aliwajibu kwa hoja fupi. Kikirudi kilekile hasa, lazima kirudi na sifa zote zilizokifanya kiwe hicho na kisiwe kingine, na miongoni mwa sifa hizo umo wakati wake. Sasa wakati wake ukirudi nao, hakijarejeshwa. Kipo tu katika wakati wake wa kwanza, kwa maana kurejeshwa ni kuwapo mara ya pili katika wakati mwingine. Na wakati wake usiporudi, kilichopo mbele yetu ni kitu kipya kinachofanana na cha kwanza. Ukienda huku au kule, kurejeshwa hakuna. Kwa vitu vingi hoja hii huonekana kama ujanja wa kimantiki usiomhusu mtu. Kiti kikivunjwa na kuungwa tena kwa mbao zilezile, nani atajali kwamba ile Jumatatu kilipochongwa haikurudi? Lakini kuna vitu ambavyo wakati umeingia katika umbile lake, na mchezo wa watu wengi ni kimojawapo. Mwaka 2004 katika mchezo ule haukuwa tarehe ya kubandikwa juu. Ulikuwa ndani: katika ulegevu wa kompyuta, katika mambo ambayo watu walikuwa hawajayajua, katika vijana waliokuwa hawajawahi kuongea na mgeni wa nchi nyingine usiku wa manane.

Jibu kubwa kwa Ibn Sina lilitoka kwa Abu Hamid al-Ghazali. Mwaka 1095 alikamilisha Tahafut al-Falasifa, kitabu cha kuwapinga wanafalsafa katika masuala ishirini, na suala la ishirini ni ufufuo wa miili. Ghazali anasema inawezekana kabisa kushika kwamba mtu ni mtu kwa nafsi yake, na nafsi haifi. Ikirudishiwa mwili, uwe wa udongo uleule, wa udongo mwingine au ulioumbwa upya, aliyerudi ni yeye. Ushahidi wake ni wa kila siku: chakula huubadilisha mwili wa mtu tangu utotoni mpaka uzeeni, na hakuna asemaye mzee ni mtu mwingine. Blizzard, bila shaka pasipo kumsoma, walifuata njia ya Ghazali barabara. Hawakuiwasha programu ya mwaka 2006 kama ilivyokuwa, kwa sababu isingestahimili kompyuta na wadukuzi wa leo. Walichukua injini ya kisasa ya mchezo, wakaitilia data ya toleo la 1.12 la mwaka 2006 iliyokuwa imehifadhiwa kwenye ghala lao. Mwili mpya, nafsi ya kale. Kama Ghazali ana haki kuhusu binadamu, na mimi sina la kumpinga katika hilo, basi kwa nini mpango huohuo usifaulu kwa mchezo? Jibu linategemea kama data ile ndiyo iliyokuwa nafsi. Hapo ndipo matokeo ya jaribio yanapoanza kusema.

Uaminifu wa waundaji ulikuwa wa kupita kiasi, na nalisema hilo kwa kuwasifu. Seva za 2004 zilikuwa dhaifu. Zilishughulikia maagizo ya wachezaji kwa mafungu, kila sehemu ya sekunde fungu moja, kwa hiyo ukilipiga zimwi jibu lilichelewa kidogo, na wachawi wawili waliweza kugeuzana kondoo kwa wakati mmoja. Seva za 2019 hazina udhaifu huo. Wakauunda upya kwa makusudi: wakaiagiza mashine yenye kasi isubiri ili ifanane na mashine iliyoshindwa. Wachezaji wakalalamika. Waliokuwa wameuvumilia ucheleweshaji huo ujanani kwa sababu hakukuwa na namna nyingine sasa waliuona ni kero iliyopangwa, na mwaka 2021 ukapunguzwa hadi ukawa hauonekani. Kulikuwa pia na orodha ambayo kampuni ililazimika kuitoa wakati wa majaribio ya Mei 2019, ikitaja mambo yaliyokuwa yakiripotiwa kama hitilafu na ambayo hayakuwa hitilafu: ndivyo mchezo ulivyokuwa. Watu walioapa kwamba enzi zao mambo hayakuwa hivi waliambiwa, kwa adabu, kwamba wanakumbuka vibaya. Ushahidi huu una makali pande mbili. Unaonyesha kwamba nakala ilikuwa sahihi kuliko kumbukumbu za walioiomba, na unaonyesha kwamba usahihi huo haukutosha kuwaridhisha. Ukimrudishia mtu kitu chake hasa naye akalalamika kwamba si chenyewe, yafaa kuuliza alikuwa akitafuta nini.

Tazama sasa kilichotokea kwenye ngome za mwisho. Ragnaros, zimwi la moto lililo chini ya mlima, lilichukua takriban miezi mitano tangu mchezo ulipotoka hadi kikundi cha kwanza duniani kikaliangusha, Aprili 2005. Mwaka 2019 liliangushwa kabla wiki haijaisha. Naxxramas, ngome iliyokuwa ngumu kuliko zote, ilistahimili zaidi ya miezi miwili mwaka 2006, na wachezaji wengi waliishia kuisikia tu. Ilipofunguliwa tena Desemba 2020 ilimalizwa siku ya kwanza. Mazimwi hayakupunguzwa nguvu. Kilichobadilika ni kwamba kila pigo lao lilikuwa limeandikwa, kila silaha imepimwa kwa hesabu, kila njia imechorwa. Mke wa Mankrik aliwekewa nukta kwenye ramani na programu ndogo ambayo karibu kila mtu aliipakua. Maarifa hayo yalizaa hata tabia ambayo wachezaji wa kale wasingeielewa. Kichwa cha joka Onyxia kikitundikwa mjini, kila aliye karibu hupata baraka ya muda inayomwongezea nguvu. Basi watu walikusanya baraka hizo moja baada ya nyingine, kisha wakajitoa mchezoni na kukaa nje siku kadhaa ili zisiwaishie kabla ya usiku wa vita. Yaani walitamani mchezo kwa miaka mingi, wakaupata, na njia bora ya kuucheza ikawa kutouingia.

Lipo tukio moja ambalo kwangu ni ushahidi kuliko tarakimu. Septemba 2005, kwa kosa la waundaji, ugonjwa uliotakiwa ubaki katika hekalu la Zul'Gurub ulitoka nje na wanyama wa wachezaji, ukaingia mijini, ukawaua wahusika dhaifu kwa makundi. Wengine walikimbilia milimani, wengine walijitolea kutibu, wengine waliueneza kwa furaha ya uovu. Wataalamu wa magonjwa ya mlipuko waliandika makala kuhusu mwenendo huo katika jarida la kitabibu mwaka 2007. Hekalu hilo lilifunguliwa tena Aprili 2020, wakati dunia halisi ikiwa na mlipuko wake, na hakuna ugonjwa uliotoka. Sababu ni nyepesi: toleo la 1.12 lilikuwa na marekebisho ya kosa lile. Hata hivyo, hebu tufikirie kwamba wangeliacha kosa makusudi. Tungepata igizo la tauni, watu wakijiua kwa zamu huku wakijua kila hatua. Tauni ya 2005 ilikuwa tauni kwa sababu hakuna aliyejua ni nini, hata walioitengeneza. Hilo halikuandikwa kwenye data ya ghala lolote.

Kwa hiyo naona kilichotoweka kilikuwa hali mbili zilizofungamana: kutojua pamoja, na kuhitajiana kunakotokana na kutojua huko. Mgeni wa Barrens alimwuliza jirani kwa sababu hakuwa na pengine pa kuuliza. (Tovuti za maelezo zilikuwepo tangu mwanzo, na tusiipambe historia, lakini zilikuwa na mapengo mengi, na wachezaji wengi hawakuzijua.) Jirani naye alijibu huku akijua kwamba kesho atahitaji kuhani, na huenda kuhani akawa mgeni yule. Sasa kutojua kuna sifa ya ajabu: ni mali inayoweza kupotezwa na haiwezi kununuliwa. Mtu anaweza kusahau, hilo kweli, lakini hawezi kusahau kwa kuamua, na jamii nzima haiwezi kusahau pamoja siku moja. Hapa Ibn Sina anashinda. Wakati wa kitu hiki ulikuwa ni kiwango cha ujinga wa watu wake, na ujinga huo usiporudi, kinachosimama mbele yetu ni cha pili, hata kama kila jiwe lake ni la kwanza.

Pingamizi la haraka ni kwamba haya yote ni ujana tu: mtu wa miaka 35 anautamani mwaka wake wa ishirini, na mchezo ni kisingizio. Kuna ukweli hapo, lakini pingamizi hili linaeleza mengi kupita kiasi. Kama ni ujana, basi kila mchezo wa ujanani ungekuwa na hatima moja, na sivyo. Mwenye kuichukua leo Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ataikuta nzima. Uyoga uko palepale, shimo liko palepale, na furaha ya kuruka haijapungua hata kama mrukaji ana mvi. Mchezo wa mtu mmoja hufufuka vizuri kwa sababu kila kilichouunda kilikuwa ndani ya kaseti. Mtu huyohuyo, mwenye umri uleule na majuto yaleyale, akienda Azeroth anakuta pengo. Tofauti kati ya safari hizo mbili haiwezi kuwa ujana wake, kwa kuwa ujana umekosekana katika zote mbili. Tofauti ni watu wengine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka barazani kwetu. Bao limechezwa pwani hii kwa vizazi, kanuni zake hazina siri, mabingwa wake huona mbele hatua ambazo mtazamaji haambulii kitu, na bado halijachakaa. Vivyo hivyo sataranji na mpira wa miguu. Kama maarifa yanaua mchezo, mbona hii haijafa? Jibu ni kwamba katika bao kisichojulikana ni mtu aliyekaa mbele yako. Kete zote ziko wazi. Nia yake haiko wazi, na kesho atakuwa na nia nyingine. Ragnaros hana nia. Ana mapigo machache kwa mpangilio mmoja, na akishajulikana na mmoja amejulikana na wote. Kutojua mashine kuna mwisho, na kutojua mtu hakuna. Pingamizi hili basi haliibomoi hoja, ila linanilazimisha kuinyoosha: sehemu ya mchezo wa kale iliyokwisha ni ile iliyosimama juu ya kutoijua ramani. Sehemu iliyosimama juu ya kutojua jirani atafanya nini haikulazimika kwisha, na kama nayo ilidhoofika mwaka 2019, inabidi tutafute mkono wa watu. Mkono huo unaonekana. Mchawi mzoefu alikusanya mazimwi ya pango zima na kuyaua peke yake, huku wateja wanne wakisimama mlangoni wakipanda viwango kwa dhahabu waliyomlipa. Nyara za vita zikauzwa kwa mnada, na anayenunua nafasi hana haja ya kujulikana na mtu. Kwenye baadhi ya seva Blizzard walipiga marufuku minada hiyo mwaka 2024. Walifanya vyema.

Wapo watakaosema kwamba nahukumu maiti inayotembea. Kampuni ilitangaza kwamba robo ya mwaka ya uzinduzi ilileta ongezeko kubwa kuliko yote ya wanachama wanaolipa katika historia ya mchezo huo, na watu hawalipi kwa ajili ya pengo. Nakubali kwamba walipata kitu. Nadhani walichokipata kinaeleweka vizuri zaidi tukiacha kukiita ufufuo na kukitazama kama tunavyozitazama ibada za kurudia. Hujaji anayekwenda mbio kati ya Safa na Marwa anatenda alichotenda Hajar akimtafutia mwanawe maji. Yeye si Hajar, hana kiu ile, anajua kisima kiko wapi na sakafu ni ya marumaru. Hakuna mwanachuoni aliyesema saʼi yake ni batili kwa sababu maji yanajulikana yalipo. Mkristo kwenye meza ya Bwana naye hajidai kwamba usiku ule wa Yerusalemu haujapita kwa saa za ukutani. Najua kulinganisha ibada na mchezo kutamkera msomaji fulani, na thamani zake hazilingani hata kidogo. Nazungumzia tu namna kurudia kunavyofanya kazi. Ibada haimwahidi mtu wakati wa kwanza. Inamwekea sharti la sasa, linalougharimu mwili wake, na inamtaka alitimize pamoja na wengine walio hapo leo. Anayekwenda kutafuta hisia za Hajar anaweza kurudi mikono mitupu. Anayekwenda kutimiza sharti amelitimiza.

Michezo ya kale iliyoishi vizuri baada ya kufunguliwa upya ni ile iliyofanya hivyo, mara nyingi kwa kupapasa. Jagex wa Uingereza walipofungua Old School RuneScape Februari 2013 kutoka kwenye nakala ya Agosti 2007, wakiungwa mkono na kura karibu 450,000 za wachezaji, hawakuugandisha. Kila badiliko kubwa lilipigiwa kura na kuhitaji asilimia 75 ya kukubali, kiwango kilichoshushwa baadaye hadi 70. Wachezaji walilazimika kubishana, kushawishiana na kushindwa kwa kura, yaani kuhitajiana katika jambo ambalo nakala ya 2007 haikuwa nalo. Na upande wa Blizzard, kikundi cha wachezaji kilijitungia nadhiri: mhusika akifa, amekufa, hafufuliwi, na anayekiuka anajitoa mwenyewe. Waliishika wenyewe kwa muda kabla kampuni haijaifungulia seva rasmi Agosti 2023. Hapo ramani iliyochorwa yote ikawa na kiza tena, kwa sababu hakuna tovuti inayomwambia mtu kama jioni hii atarudi hai kutoka pangoni. Mgeni akiona mwenzake amezingirwa na mbwa mwitu husimama na kufikiri, maana msaada sasa una gharama. Sharti hilo halikuwemo mwaka 2004. Ni jipya kabisa, lilitungwa na watu walioujua mchezo kupita kiasi, na limefanya kwa mahusiano ya wachezaji kile ambacho ucheleweshaji wa bandia haukuweza.

Ghazali basi amepata haki yake mahali asipotarajia mtu: nafsi ya mchezo huu haikuwa kwenye ghala la data, ilikuwa kwa wachezaji, na inapokubali sharti lenye uzito inaweza kuvaa mwili wowote. Ibn Sina anabaki na haki kuhusu mwaka 2004. Wanaouza michezo hii wangefanya uungwana kuacha kuahidi kwamba wanarudisha zamani, kwa kuwa ahadi hiyo haitekelezeki hata kwa uaminifu wa kila herufi, na wanunuzi wangejiuliza kabla ya kulipa wako tayari kumhitaji nani. Novemba 2024, mchezo ulipotimiza miaka 20, seva nyingine mpya za toleo la kale zilifunguliwa, kila mtu akianza kiwango cha kwanza kwa mara nyingine. Foleni zilikuwepo. Miongoni mwa waliopanga walikuwemo wanaoikumbuka kwa uchungu Agosti 2019, wakisema siku zile ndizo zilizokuwa za kweli.